Kadi Imekubaliwa, Lakini Pesa Ziko Wapi? Safari ya Malipo ya Kadi Hadi Kwenye Akaunti Yako

Ukiuza kwa pesa za simu, mambo ni papo hapo. Mteja anaweka PIN, meseji inaingia, salio lako linapanda, mnaagana. Ukiuza kwa kadi, mashine inalia, inatoa risiti inayosema malipo yamekubaliwa, mteja anabeba mzigo wake na kwenda zake. Ukiangalia akaunti ya biashara, hakuna kitu. Jioni, bado hakuna. Na siku pesa zinapoingia, zimepungua.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi waliozoea simu, wakianza kupokea kadi, hutuuliza swali moja: kwani pesa zangu ziko wapi?

Jibu fupi ni hili: neno "imekubaliwa" kwenye mashine ni ahadi, bado si pesa mkononi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hili hulipwa, lakini lina siku yake, lina makato yake, na kuna sababu chache zinazoweza kulirudisha nyuma. Mwenye duka anayejua hayo matatu hupanga stoki na mishahara bila wasiwasi. Asiyejua humwahidi saplaya pesa ambazo bado ziko njiani.

Katika somo hili tutafuata malipo moja kutoka kauntani hadi benki, tupige hesabu yake, kisha tuone jinsi ya kujilinda.

Wanaohusika ni nani?

Tuseme una duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi. Fundi amekuja na mwenye gari, wamechagua giaboksi ya Sh28,000, na mwenye gari anatoa kadi. Kwa macho yenu mko watatu tu hapo dukani. Nyuma ya pazia kuna wengine watatu:

1. Benki iliyotoa kadi. Hii ni benki ya mteja. Ndiyo inayoshika pesa zake, au inayomkopesha kama kadi ni ya mkopo.

2. Mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard. Mtandao haushiki pesa za mteja wala hauna akaunti yako. Kazi yake ni kupitisha ujumbe kati ya benki, kupiga hesabu ya nani anamdai nani, na kuweka sheria ambazo kila mtu anafuata.

3. Mpokezi wako. Hii ni benki au kampuni ya malipo iliyokupa mashine na ambayo mmeandikiana mkataba. Ndiyo inayokulipa. Ukiwa na swali kuhusu pesa zako, mlango wa kubisha ni huu, si benki ya mteja.

Kumbuka huyo wa tatu. Watu wengi hupoteza siku nzima wakipigia simu benki ambayo haina mkataba wowote nao.

Hatua nne za safari

Hatua ya kwanza: idhini. Mteja anaingiza kadi au anaigusisha kwenye mashine. Mashine inatuma ujumbe kwa mpokezi wako, mpokezi anaupeleka kwa mtandao, mtandao unaupeleka kwa benki ya mteja. Benki inaangalia: je, kadi ni halali? PIN ni sawa? Salio linatosha? Kuna dalili ya wizi? Kisha jibu linarudi kwa njia ile ile. Yote haya huchukua sekunde chache.

Sasa sikiliza vizuri. Jibu likiwa "ndiyo", benki ya mteja imeshikilia Sh28,000 kwenye akaunti yake ili asizitumie kwingine. Mteja anapata meseji kwamba pesa zimetoka. Lakini hazijahama kuja kwako. Zimefungiwa tu, kama mzigo uliowekewa jina la mnunuzi lakini bado uko kwenye stoo ya muuzaji.

Hatua ya pili: kufunga siku. Mauzo yote ya kadi ya siku hiyo hukusanywa kwenye fungu moja na kutumwa kwa mpokezi wako. Mashine nyingi za sasa hufanya hivi zenyewe usiku. Nyingine zinahitaji mtu abonyeze sehemu ya kufunga siku kwenye menyu. Fungu lisipotumwa, hakuna anayejua kwamba unadai. Idhini ipo, lakini dai halijapelekwa.

Hatua ya tatu: kupitisha hesabu. Mpokezi anapeleka madai kwa mtandao wa kadi. Mtandao unapanga: benki hii inadaiwa kiasi hiki, ile inadaiwa kile, ada ya kila mmoja ni hii. Kisha benki zinalipana. Hazilipani giaboksi moja moja. Zinajumlisha madai ya pande zote na kulipana tofauti iliyobaki, mara nyingi siku za kazi peke yake.

Hatua ya nne: wewe kulipwa. Mpokezi anaondoa makato yake na kuweka kinachobaki kwenye akaunti yako ya benki, au kwenye akaunti yako ya pesa za simu kama mkataba unaruhusu. Hapa ndipo deni lako linalipwa.

Kwa nini isiwe kama simu?

Wakenya tumezoea pesa za simu tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, kwa hivyo kusubiri siku moja au mbili kunaonekana kama uzembe wa mtu fulani. Tofauti iko kwenye daftari.

Mteja akikulipa kwa namba ya Till ndani ya mtandao mmoja wa simu, akaunti yake na yako ziko kwenye daftari moja. Kampuni inapunguza kwake na kuongeza kwako, basi. Pesa zenyewe hazijaondoka benki zinakotunzwa.

Kadi ni tofauti. Daftari la mteja liko benki nyingine, labda hata nchi nyingine. Daftari lako liko kwa mpokezi wako. Katikati kuna mtandao unaohudumia maelfu ya benki duniani. Lazima madaftari yote yakubaliane kabla ya mtu kutoa pesa.

Na kuna historia pia. Kadi zilianza kabla ya kompyuta kuingia madukani. Miongo kadhaa iliyopita mwenye duka alibana kadi kwenye kifaa cha chuma, kikachapa namba zake kwenye karatasi, mteja akatia sahihi, na mwenye duka akapeleka karatasi hizo benki kama anayepeleka hundi. Leo karatasi imekuwa ujumbe wa kompyuta, lakini mpango ni ule ule: kwanza idhini, kisha dai, mwishowe malipo.

Mpango huo una faida yake. Mtalii aliyefungua akaunti Ujerumani anaweza kulipa chumba Diani bila nyinyi wawili kuwa na benki moja, simu moja wala sarafu moja. Kusubiri ndiyo sehemu ya bei ya kuweza kumuuzia mtu huyo.

Hesabu ya siku moja

Turudi kwenye duka la vipuri. Tuseme siku moja umeuza kwa kadi mara tano:

- Sh12,000
- Sh3,500
- Sh28,000
- Sh6,500
- Sh10,000

Jumla ni Sh60,000. Mkataba wako, tuseme, unasema makato ni asilimia 2.5. Hiki ni kiwango cha mfano tu. Chako kiko kwenye mkataba wako. Asilimia 2.5 ya Sh60,000 ni Sh1,500.

Jioni mteja wa Sh3,500 anarudi. Plagi ulizomuuzia si za gari lake. Unamrudishia pesa kupitia mashine.

Hesabu inakuwa: Sh60,000 toa Sh1,500 za makato, toa Sh3,500 ulizorudisha. Kinachoingia ni Sh55,000.

Mtu asiyejua ataona Sh55,000 kwenye akaunti, akumbuke aliuza Sh60,000, na aanze kumshuku kijana wa kauntani. Ndiyo maana tunasema hesabu ya kadi isifanywe kwa kumbukumbu.

Makato hayo yanaenda wapi? Hayabaki yote kwa mpokezi wako. Sehemu inaenda kwa benki iliyotoa kadi, sehemu kwa mtandao, na sehemu kwa mpokezi anayekuhudumia. Kwa sababu hiyo kadi zote hazina gharama sawa. Kadi ya kigeni mara nyingi humgharimu mpokezi zaidi ya kadi ya hapa nyumbani. Mikataba mingine inakuwekea kiwango kimoja kwa kadi zote, mingine inatofautisha. Soma wako.

Jambo moja la ushuru kabla hatujaendelea: mauzo yako ni Sh28,000 kwa ile giaboksi, si kile kilichobaki baada ya makato. Ankara ya eTIMS inatoka kwa bei kamili. Makato ni gharama ya biashara, na yanaandikwa kama gharama. Ukiandika tu kile kilichoingia benki kama ndiyo mauzo, vitabu vyako na ankara zako havitasomana.

Kalenda ndiyo bosi

Tuseme mkataba wako unasema unalipwa siku moja ya kazi baada ya kufunga siku. Neno la kuangalia hapo ni "kazi".

Ukiuza Alhamisi na kufunga jioni, pesa zinaingia Ijumaa. Vizuri. Ukiuza Ijumaa, zinaingia Jumatatu. Mauzo ya Jumamosi na Jumapili kwa mkataba wa aina hii mara nyingi huhesabiwa kama ya Jumatatu, kwa hivyo hulipwa Jumanne.

Kama unauza Sh60,000 za kadi kila siku, ina maana Jumatatu asubuhi, kabla za Ijumaa hazijaingia, una Sh180,000 za siku tatu zikiwa njiani. Ni pesa zako, lakini huwezi kumlipa mtu nazo.

Sasa ongeza sikukuu. Hapa Kenya Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ni siku za mapumziko. Mauzo ya Alhamisi kabla ya Pasaka yanaingia Jumanne. Kama duka lako halifungwi, Jumanne hiyo asubuhi una siku tano zikiwa njiani: Sh300,000. Halafu siku hiyo zinaingia za Alhamisi peke yake. Zile za siku nne za sikukuu zinasubiri Jumatano.

Na tuwe wakweli, wakati kama huo ndio saplaya naye anataka malipo yake, na vijana wa duka wanataka kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Kwa hivyo fanya hesabu hii mapema. Chukua wastani wa mauzo yako ya kadi kwa siku. Zidisha kwa idadi kubwa zaidi ya siku ambazo pesa zinaweza kukaa njiani. Jibu utakalopata ndilo pengo ambalo biashara yako lazima iweze kulibeba kwa pesa taslimu, kwa Till, au kwa makubaliano ya kulipa saplaya baadaye. Usipange mishahara ya Jumamosi kwa mauzo ya kadi ya Ijumaa.

Angalia pia Desemba, na sikukuu za Idd ambazo wakati mwingine hutangazwa karibu na siku yenyewe. Sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake huwa mapumziko, na wewe unasubiri siku moja zaidi.

Vitu vinavyochelewesha pesa

Mara nyingi pesa zikichelewa kupita siku yake, sababu ni mojawapo ya hizi:

Mashine haikufungwa. Ilizimwa usiku, betri iliisha, au mtandao ulikuwa umepotea wakati wa kutuma. Fungu likabaki ndani ya mashine. Usiache likae. Idhini haidumu milele. Ikipita muda wake, benki ya mteja inaachilia zile pesa, naye anaweza kuzitumia kwingine kabla dai lako halijafika.

Ulifunga umechelewa. Kila mpokezi ana saa ya mwisho. Ukifunga baada ya saa hiyo, mauzo yanahesabiwa kama ya kesho. Kwa baa na hoteli zinazofanya kazi hadi usiku wa manane, jambo hili ni la kila siku.

Maelezo ya akaunti yana kasoro. Umebadilisha benki hujasema, au jina la akaunti halilingani na jina lililosajiliwa kwenye mkataba.

Malipo yanachunguzwa. Ikiwa kila siku unauza vitu vya Sh5,000 na ghafla inapita kadi moja ya Sh400,000, mpokezi anaweza kusimamisha kwanza na kukuuliza. Usikasirike. Tuma ankara na maelezo haraka. Kama unajua mauzo makubwa yanakuja, piga simu useme mapema.

Ulichukua idhini ya kushikilia tu. Hoteli na wanaokodisha magari hufanya hivi: mgeni akifika, unashikilia kiasi fulani kwenye kadi yake. Hiyo si mauzo. Mgeni akiondoka lazima ukamilishe malipo kwenye mashine kwa kiasi alichotumia. Ukisahau, idhini inaisha muda na hulipwi chochote, ijapokuwa mgeni alilala, akala na akashukuru.

Mteja akipinga malipo

Hapa ndipo kadi inapotofautiana kabisa na noti mkononi. Sheria za mitandao ya kadi zinampa mteja haki ya kwenda benki yake na kusema: sikununua mimi, sikupokea bidhaa, nimetozwa mara mbili, au nilichopewa si nilichoagiza. Kwa aina nyingi za malalamiko ana hadi siku 120. Miezi minne hiyo. Wewe umeshalipwa, umeshanunua stoki nyingine, umeshasahau sura yake.

Benki yake ikikubali lalamiko, pesa zinachukuliwa kutoka kwa mpokezi wako, naye anazikata kwenye malipo yako yanayofuata. Utaletewa taarifa na utapewa siku chache za kujibu kwa ushahidi. Usipojibu, umeshindwa, hata kama ukweli uko upande wako.

Ushahidi unaosaidia ni ule uliouweka siku ya mauzo:

- Risiti ya mashine na ankara yako, zikionyesha tarehe na kiasi kile kile.
- Hati ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi, kama ulituma bidhaa kwa boda au kwa basi.
- Meseji au barua pepe ambapo mteja aliagiza na kukubali bei.
- Masharti yako ya kurudisha bidhaa, yaliyoonekana na mteja kabla ya kulipa.

Malipo yaliyofanywa kwa chipu na PIN ni vigumu zaidi kwa mteja kuyakana. Kadi ikiwa na chipu na wewe ukaiswaipu kwa ule mstari mweusi, na baadaye ikajulikana ilikuwa kadi ya kughushi, hasara inaweza kukuangukia. Kwa hivyo acha mashine isome chipu. Na ukiuza mtandaoni bila kuiona kadi, tumia njia inayomtaka mteja athibitishe kwa namba ya siri ya mara moja kutoka benki yake.

Lingine: usiandike namba za kadi kwenye daftari wala usipige picha ya kadi ya mteja ati "ikiwa itahitajika". Zile tarakimu tatu za nyuma hazifai kuwekwa popote baada ya malipo. Pia, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za mteja zikivuja kutoka kwako, wewe ndiye utakayeulizwa.

Ujanja wa kuangalia

Mtu analipa kwa kadi, kisha baada ya dakika kumi anarudi, amebadilisha nia, na anataka arudishiwe kwa pesa taslimu au kwa simu kwa sababu "ana haraka". Kataa kwa upole. Pesa zilizolipwa kwa kadi zinarudi kwenye kadi ile ile. Kadi ikiwa ya wizi, mwenyewe atapinga malipo, na utakuwa umetoa pesa mara mbili: mara moja kwa tapeli na mara ya pili kwa benki.

Mali bila daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kadi, daftari lenyewe si kubwa. Dakika kumi kila asubuhi zinatosha:

1. Chukua ripoti ya kufunga siku kutoka kwa mashine. Andika tarehe, idadi ya malipo na jumla.

2. Linganisha na mauzo ya kadi kwenye kitabu chako au programu ya duka. Yasipolingana, tafuta leo, wakati kijana wa kauntani bado anakumbuka.

3. Andika siku unayotarajia kulipwa, ukihesabu siku za kazi.

4. Siku hiyo ikifika, fungua taarifa ya malipo kutoka kwa mpokezi wako. Itaonyesha jumla, makato, pesa ulizorudisha, na madai ya wateja kama yapo.

5. Hakikisha kiasi cha mwisho ndicho kilichoingia kwenye akaunti. Tia alama. Ambacho hakijaingia kibaki bila alama, na ukifuatilie.

Ukifanya hivi kwa mwezi mmoja, utajua wastani wako wa makato, siku ambazo pesa huchelewa, na ni mashine gani yenye matatizo.

Uliza haya kabla ya kutia sahihi

Kama bado unatafuta mpokezi, au mkataba wako unaisha, uliza waziwazi, hata kama anayekuhudumia ni sisi:

- Ninalipwa baada ya siku ngapi, na ni siku za kazi au siku za kawaida?
- Saa ya mwisho ya kufunga siku ni saa ngapi?
- Makato ni asilimia ngapi kwa kadi za Kenya, na ngapi kwa za kigeni?
- Kuna ada ya mashine kwa mwezi? Na nisipofikisha kiasi fulani cha mauzo?
- Nikimrudishia mteja pesa zake, makato yangu yanarudi?
- Mteja akipinga malipo, natozwa nini na nina siku ngapi za kujibu?
- Kuna sehemu ya pesa zangu mtakayoshikilia kama dhamana?

Makato ya chini yenye malipo ya siku tatu yanaweza kukugharimu zaidi ya makato ya juu kidogo yenye malipo ya kesho, hasa kama stoki yako inaisha haraka na saplaya wako hakopeshi. Linganisha vyote viwili.

Maswali mafupi

*Mteja amepata meseji ya benki kwamba pesa zimetoka, lakini mashine yangu haikutoa risiti. Nimpe bidhaa?*
Bado. Meseji yake inaonyesha kwamba benki yake imeshikilia pesa. Haionyeshi kwamba wewe umepata idhini. Angalia malipo ya mwisho kwenye mashine au mpigie mpokezi wako. Usimtoze tena kabla hujahakikisha. Kama malipo hayakukamilika, benki yake itaachilia pesa hizo.

*Nimekosea kiasi na siku bado haijafungwa. Nifanye nini?*
Futa malipo hayo kwenye mashine kabla ya kufunga, kisha tozesha upya kiasi sahihi. Ukishafunga, kufuta hakuwezekani tena; itabidi urudishe pesa, na hilo huchukua siku kadhaa kumfikia mteja.

*Naweza kumwambia mteja wa kadi aongeze ile ya makato?*
Angalia mkataba wako kwanza. Mikataba mingi hukataza kumtoza mteja zaidi kwa sababu ametumia kadi. Weka gharama hiyo ndani ya bei zako za kawaida.

*Je, bora niache kadi nibaki na Till?*
Hilo unalijua wewe na wateja wako. Kama wateja wengi hununua vitu vya bei ndogo na wote wana simu, Till inatosha. Kama unauza vitu vya bei kubwa, au unahudumia wageni na kampuni, kumkataa mwenye kadi ni kumwelekeza duka la jirani.

Leo jioni, kabla ya kufunga, toa ripoti ya mashine yako na uandike kando yake tarehe unayotarajia pesa hizo ziingie. Kama huijui tarehe hiyo, mpigie mpokezi wako kesho asubuhi akuambie. Swali hilo ni haki yako kuuliza.